Inasemekana na Nani? Semi za Hoja, Maoni na Ushahidi katika Historia ya Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala haya yanachunguza semi zinazotumika sana katika mabishano ya Kiswahili, hususan inasemekana, inaaminika, hakuna ushahidi, ni wazi kwamba na haiingii akilini. Hoja kuu ni kwamba semi hizi, ambazo kwa sura huonekana kueleza chanzo au uthabiti wa maarifa, mara nyingi huashiria maoni yaliyotenganishwa na mwenye maoni. Hoja hiyo inajengwa kwa kurejelea matukio ya kumbukumbu za umma yaliyotokea Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kati ya mwaka 1976 na 2020. Makala yanahitimisha kwamba dawa ya tatizo hili si kuzifuta semi hizi katika lugha, bali kudai kwamba kila usemi wa aina hii uwe mwanzo wa uchunguzi.

1.0 Utangulizi

Wahenga wametuachia methali isemayo "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Kwa mwanaisimu, methali hii ina mambo mawili ya kutazamwa. La kwanza ni dai lake, yaani kwamba kusemwa kwa jambo ni dalili ya kuwapo kwake. La pili ni umbo lake: kitenzi lisemwalo kimo katika kauli ya kutendwa, na msemaji hatajwi. Mambo haya mawili yanategemeana. Msemaji angetajwa, msikilizaji angeweza kumwuliza aliliona wapi na lini. Kwa kuwa hatajwi, kinachobaki ni kule kusemwa tu, nako ndiko kunakofanywa ushahidi.

Wanafalsafa wa hoja wameligusa suala hili kwa njia yao. Stephen Toulmin, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu matumizi ya hoja, alitenganisha dai, taarifa zinazolitegemeza, na maneno yanayopima nguvu ya dai hilo. Mchango wa isimu ni kuonyesha kwamba maneno ya kupima nguvu yanaweza kukalia nafasi ya taarifa zenyewe. Msemaji anaposema "bila shaka," hajaongeza taarifa yoyote. Ametueleza tu hali ya moyo wake. Hata hivyo, wasikilizaji wengi huondoka wakiamini kwamba wamepewa sababu.

Eneo lililoteuliwa ni Shinyanga na ukanda wa dhahabu unaopita Kahama hadi Geita. Geita ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza hadi ilipofanywa mkoa mwaka 2012, na baadhi ya maeneo yake, kama Bukombe, yalitoka Mkoa wa Shinyanga. Sababu ya kuteua eneo hili si kwamba wakazi wake wanabishana kwa namna ya pekee. Semi zinazojadiliwa hapa zinasikika Unguja, Mombasa na Bukavu pia. Sababu ni kwamba katika eneo hili gharama ya maoni kupokewa kama ushahidi imeonekana waziwazi, kwa maisha ya watu na kwa mali. Mifano ya sentensi katika makala haya imetungwa na mwandishi kwa kufuata matumizi ya kawaida.

2.0 Sarufi ya Kutomtaja Msemaji

Zipo lugha ambazo sarufi yake humlazimisha msemaji kueleza amelijuaje jambo. Alexandra Aikhenvald, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2004, ameonyesha kwamba katika lugha ya Kitariana ya Amazoni kitenzi hubeba alama inayobainisha iwapo jambo limeonwa, limesikiwa, limekisiwa au limepokewa kutoka kwa wengine. Kiswahili hakina ulazima huo. "Ng'ombe ameibiwa" ni sentensi kamili, awe msemaji alimwona mwizi au alisimuliwa sokoni. Kueleza chanzo ni hiari, na anayetaka kufanya hivyo hutumia vitenzi kama nimeona, nimesikia, nadhani, au semi zinazojadiliwa hapa.

Tuuchambue usemi inasemekana. Kiambishi i- cha mwanzo hakirejelei nomino yoyote. Ni kiima tupu. Mzizi -sem- umeongezewa -ek- ya kutendeka na -an-, muundo unaoonekana pia katika julikana, onekana, patikana na wezekana. Kauli ya kutendeka hueleza hali ya jambo bila kumjali mtenda. Hapo ndipo inapotofautiana na kauli ya kutendwa. Tunaweza kusema "inasemwa na wazee wa Kahama," na mtenda akapata nafasi yake baada ya kiunganishi na. Lakini "inasemekana na wazee wa Kahama" hukwaruza sikio la mjuzi wa lugha. Ni kweli kwamba siku hizi tunasikia "inajulikana na wote" na "inaaminika na wengi," lakini tazama ni nani wanaoruhusiwa kukaa katika nafasi hiyo: wote na wengi. Mtu mmoja anayeweza kuitwa na kuulizwa hapati nafasi kwa urahisi.

Sheria ina mtazamo ulio kinyume kabisa. Kifungu cha 62 cha Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 kinataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja. Jambo lililoonwa lielezwe na aliyeliona. Lililosikiwa lielezwe na aliyelisikia. Na yakiwa ni maoni, yaelezwe na mtu mwenye maoni hayo kwa misingi anayoishikilia. Sehemu hii ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi kwetu. Sheria haikatazi maoni. Inachodai ni kwamba maoni yaje yakiongozana na mwenyewe. Usemi inasemekana hufanya kinyume: huyaleta maoni na kumwacha mwenyewe nyumbani.

3.0 "Inasemekana": Shinyanga na Mwanza, 1976 hadi 1977

Mauaji ya watu wanaotuhumiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee, ni jeraha la muda mrefu katika Usukuma. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na utawala wa Waingereza mwaka 1928, ambayo humwadhibu anayejidai kuwa na nguvu hizo, haikuyamaliza. Katika mengi ya mauaji hayo mfululizo wa usemi ni ule ule. Mtoto anafariki au ng'ombe wanakufa. Familia inakwenda kwa mganga. Mganga anapiga ramli na kueleza kwa mafumbo: ni mtu wa karibu, ni mwanamke, anaishi upande fulani. Familia inaporudi kijijini fumbo limekwisha kuwa "inasemekana ni fulani." Mganga anaweza kusema hakumtaja mtu, na familia inaweza kusema haikubuni chochote. Tuhuma imezaliwa na hakuna mzazi wake.

Katika mfululizo huo kilikuwapo kitu kinachoonekana kwa macho, nacho ni wekundu wa macho ya mwanamke mzee. Watu waliuona, na kwa hiyo waliamini kwamba wana ushahidi. Lakini wekundu huo una historia yake. Sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa imepoteza miti kwa kufyekwa ili kuangamiza mbung'o, na kwa upanuzi wa mashamba ya pamba na malisho. Hali ilikuwa mbaya kiasi cha kuanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, mwaka 1986. Kuni zilipoadimika, wanawake walipikia mabua na samadi kavu katika majiko yasiyo na pa kutokea moshi. Aliyepika hivyo kwa miaka 40 alikuwa na macho mekundu. Kilichoonwa kilikuwa kweli. Kilichotolewa humo kilikuwa maoni. Sentensi "macho yake yanaonyesha" ilikiunganisha kimoja na kingine kana kwamba macho yenyewe ndiyo yaliyosema.

Mwaka 1976 serikali iliendesha operesheni kubwa dhidi ya mauaji hayo katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Nia ilikuwa kulinda uhai. Hata hivyo, katika kutafuta wauaji na waganga waliodhaniwa kuwachochea, watu wengi walikamatwa, baadhi yao waliteswa, na wapo waliofia mikononi mwa vyombo vya dola. Hapa msamiati unastahili kuangaliwa tena. Mshukiwa ni mtu anayeshukiwa; mtuhumiwa ni mtu anayetuhumiwa. Maneno yote mawili yanatokana na kauli ya kutendwa, na anayeshuku hatajwi. Kijiji kilikuwa na inasemekana yake, na dola ikawa na washukiwa wake. Maafisa waliotumwa kuzuia watu kuuawa kwa tuhuma walijikuta wakitesa watu kwa tuhuma.

Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Walijiuzulu pia Peter Siyovelwa, waziri aliyehusika na usalama katika Ofisi ya Rais, na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Baadaye baadhi ya maafisa walifikishwa mahakamani. Tukio hili hukumbukwa katika historia ya siasa kama mfano wa uwajibikaji, na ni haki. Kwa mwanaisimu ni mfano wa jambo jingine pia. Mwinyi hakuwa amemtesa mtu yeyote, wala hakuhitaji kusema aliona. Alichofanya ni kurudisha nafsi ya kwanza mahali ambapo kauli za kutendwa zilikuwa zimeifuta. Baada ya miezi ya "walikamatwa" na "walihojiwa," hatimaye alipatikana mtu wa kusema kwamba dhamana ni yake.

4.0 "Inaaminika": Lugha ya Anayeripoti

Kuanzia takriban mwaka 2007, Kanda ya Ziwa ilikumbwa na wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino. Septemba 2009, Mahakama Kuu katika kikao chake cha Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa mauaji ya mvulana mwenye ualbino kutoka Bukombe. Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku shughuli za waganga wapiga ramli.

Katika kuripoti ukatili huo ilizoeleka sentensi ya aina hii: "Viungo vya watu wenye ualbino vinaaminika kuleta utajiri." Aliyeiandika kwa kawaida alikuwa na nia ya kulaani. Lakini sentensi yenyewe haimtaji anayeamini. Inaliacha dai zima likiwa na sura ya hali iliyopo, kama vile "maji ya ziwa hili yanajulikana kuwa baridi." Msomaji aliyekuwa hajawahi kulisikia dai hilo sasa amelisikia, tena gazetini, na hakuambiwa kwamba ni uongo unaouzwa na watu fulani kwa fedha. Linganisha na sentensi hii: "Baadhi ya waganga huwadanganya wateja wao, wakiwamo wachimbaji na wavuvi, kwamba viungo hivyo huleta utajiri." Hapa yupo anayedai, yupo anayedanganywa, na ipo hukumu ya mwandishi juu ya dai hilo. Urefu wa sentensi umeongezeka kidogo. Ukweli umeongezeka sana.

5.0 "Hakuna Ushahidi": Bulyanhulu, 1996 hadi 2002

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani kwamba tatizo ni la wanyonge wanaosambaza uvumi, na kwamba wenye mamlaka ndio watetezi wa ushahidi. Kisa cha Bulyanhulu kinatuzuia kufikia hitimisho hilo.

Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo la Bulyanhulu, wilayani Kahama, ili kuipisha Kampuni ya Kahama Mining, tawi la Sutton Resources ya Kanada. Mashimo waliyoyaita maduara yalifukiwa. Muda mfupi baadaye yalitoka madai kwamba wachimbaji zaidi ya 50 walikuwamo chini yalipofukiwa. Serikali na kampuni zilikanusha. Mwaka 1999 Barrick Gold iliinunua Sutton, na mgodi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Chama cha wanasheria wa mazingira, LEAT, kililiibua suala hilo upya na kudai uchunguzi huru. Baadhi ya viongozi wake walishtakiwa kwa uchochezi. Kwa kuwa mradi ulikuwa umepewa bima na MIGA, taasisi ya kundi la Benki ya Dunia, LEAT ilipeleka malalamiko kwa ofisi ya msuluhishi wa kundi hilo. Ripoti ya mwaka 2002 ya ofisi hiyo haikuona msingi wa madai ya mauaji. LEAT iliikataa ripoti hiyo na namna ilivyoandaliwa. Uchunguzi huru wa hadhara iliyoudai haukufanyika.

Makala haya hayakusudii kuamua nini kilitokea ndani ya maduara yale. Yanakusudia kuonyesha kwamba usemi hakuna ushahidi una maana mbili. Unaweza kumaanisha "tumetafuta kwa njia hizi, mahali hapa, na hatukupata." Katika maana hiyo ni taarifa, na inaweza kukaguliwa. Unaweza pia kumaanisha "hatuamini." Katika maana hiyo ni maoni kama yalivyo maoni ya inasemekana. Kisarufi sentensi haibadiliki: kitenzi hakuna nacho hakina mtenda, na hakituambii ni nani aliyetafuta, wapi, kwa muda gani. Kwa upande wa madai, kinyume chake, vilikuwapo vyanzo vyenye uso, yaani watu waliosema kwamba ndugu zao hawakurudi. Kauli ya "ndugu yangu hakurudi" haithibitishi kwamba alifukiwa. Lakini ni ushahidi wa moja kwa moja wa jambo moja, kutorudi kwake, na ilistahili swali la moja kwa moja.

Kisa hiki kinatufundisha pia kwa nini watu huchagua inasemekana. Mchimbaji mdogo aliyeondolewa hana nauli ya kwenda mahakamani, hana hati ya kuonyesha kwamba alikuwa mkazi, na anajua kwamba anayesema nimeona atakuwa shahidi au mshtakiwa. Kutomtaja msemaji ni kinga yake. Anayemlaumu kwa kutosema waziwazi angepaswa kwanza kuonyesha kwamba kusema waziwazi kulikuwa salama.

6.0 "Ni Wazi" na "Haiingii Akilini": Makinikia, 2017 hadi 2020

Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, neno ambalo kabla ya hapo lilijulikana kwa wachache na ambalo ndani ya wiki chache likawa la kila kijiwe cha kahawa. Makontena 277 yalizuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma iliwasilisha matokeo yake Ikulu tarehe 24 Mei, ikikadiria wastani wa kilo 28 za dhahabu kwa kontena, jumla ya takriban tani 7.8. Kamati ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, iliwasilisha yake tarehe 12 Juni. Kampuni ya Acacia, iliyomiliki Bulyanhulu na Buzwagi, ilisema takwimu hizo hazilingani hata kidogo na zake. Julai 2017 ilidaiwa kodi, riba na adhabu za takriban dola bilioni 190 za Marekani.

Katika mjadala uliofuata, semi mbili zilitawala. Ya kwanza ni "ni wazi kwamba tunaibiwa." Ya pili ni "haiingii akilini kwamba kampuni ichimbe miaka yote kwa hasara." Usemi huu wa pili unahitaji uchambuzi wa makini. Kisarufi kiima chake ni jambo, wala si mtu: jambo ndilo linaloshindwa kuingia. Kimaana, hata hivyo, anayezungumziwa ni msemaji. Akili isiyoingiwa ni yake. Ni kauli ya nafsi ya kwanza iliyovaa vazi la nafsi ya tatu. Inaweza kuwa na msingi mzuri, kwani hasara inayotangazwa mwaka baada ya mwaka ni sababu ya kutosha ya kufungua vitabu vya hesabu. Lakini ni sababu ya kuvifungua tu. Haiwezi kuwa mbadala wa kilichomo.

Upande wa pili nao ulikuwa na semi zake. Waliozitilia shaka takwimu walisema "kila mtaalamu anajua" kwamba dhahabu kiasi hicho haiwezi kuwamo. Mtaalamu yupi, aliyepima sampuli ipi? Kwa upande wa kamati, ulikuwapo wastani, ulikuwapo mkemia, zilikuwapo sampuli, hilo lilikuwa hatua kubwa kuliko "tunaibiwa." Lakini kilichosomwa hadharani kilikuwa muhtasari, na mwananchi aliyetaka kulinganisha njia za upimaji za pande mbili alibaki kuchagua wa kumwamini.

Mvutano ulimalizwa kwa makubaliano. Barrick, iliyoichukua Acacia yote mwaka 2019, ilikubali kulipa dola milioni 300. Iliundwa kampuni ya Twiga Minerals, na serikali ikapata asilimia 16 ya hisa. Mikataba ilitiwa saini Januari 2020. Wapo wanaosema kiasi hicho ni ushahidi kwamba tulikuwa tunaibiwa. Wapo wanaosema tofauti kati ya bilioni 190 na milioni 300 ni ushahidi kwamba madai yalikuwa hewa. Kauli zote mbili ni maoni. Makubaliano ni ushahidi wa kitu kimoja tu: kwamba pande mbili zilikubaliana.

7.0 Mjadala

Visa hivi vinne vinatofautiana sana, na si haki kuvilinganisha kwa uzito. Bibi aliyeuawa si sawa na kontena lililozuiwa. Kinachoviunganisha ni utaratibu wa lugha. Katika kila kisa alikuwapo mtu mwenye maoni, naye alitoweka katika sentensi, na maoni yake yakapokewa kama hali ya dunia.

Kutokana na uchambuzi huu, semi zinazojadiliwa zinaweza kugawanywa katika makundi matatu kwa kuzingatia namna mwenye maoni anavyofichwa. Kundi la kwanza humfuta kabisa: inasemekana, inaaminika, hakuna ushahidi. Kundi la pili humtawanya katika umati: kila mtu anajua, wataalamu wanasema. Kundi la tatu humbadilisha kuwa sifa ya jambo lenyewe: ni wazi, haiingii akilini, ni ukweli usiopingika. Kundi hili la tatu ndilo linalotuhusu zaidi sisi wanataaluma. Tasnifu zetu zimejaa "ni ukweli usiopingika," na uzoefu wa kusahihisha unaonyesha kwamba usemi huo huonekana pale hasa ambapo rejeleo lilipaswa kuwapo. Jambo lisilopingika kweli halihitaji kutangazwa hivyo. Hakuna anayeandika kwamba ni ukweli usiopingika kuwa Kahama iko Tanzania.

Suala hili limepata uzito mpya tangu mwaka 2021, sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kabla ya hapo, maneno ya shahidi katika mahakama za juu yaliingia katika kumbukumbu kwa Kiingereza, na tofauti kati ya "inasemekana alikuwapo," "nasikia alikuwapo" na "alikuwapo" ilitegemea mkono wa aliyeandika. Sasa tofauti hizo zinaweza kuhifadhiwa kama zilivyotamkwa. Ni wajibu wa wanaisimu wa Kiswahili kuzieleza kwa usahihi, ili wakalimani, mahakimu na wanafunzi wa sheria wawe na pa kusimamia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili kina njia nyingi za kumficha mwenye maoni, na kwamba historia ya Shinyanga na Geita inatupa sababu ya kuzichukulia njia hizo kwa uzito. Hayakupendekeza kuzifuta. Kwa mnyonge, inasemekana huenda ikawa njia pekee ya kusema jambo na kubaki salama. Kinachopendekezwa ni namna ya kuipokea. Anayesikia inasemekana, awe hakimu, mwandishi wa habari, mkuu wa wilaya au mtahini wa tasnifu, aulize maswali matatu: ni nani anayesema, aliona, alisikia au anakisia, na ni nani aliyekwenda kutazama? Anayesema hakuna ushahidi aulizwe maswali hayo hayo, tena yeye kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndiye mwenye uwezo wa kwenda kutazama. Macho ya wanawake wa Shinyanga yalikuwa mekundu kwa miaka mingi, na jiko lilikuwa pale pale nyumbani. Ilihitajika mtu wa kuingia jikoni.